Mgongo Unauma, na Kila Kocha Ana Lake: Nirushe au Nipige?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 21, ninaishi Dar es Salaam na ninasoma mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu. Nilianza kriketi nikiwa kidato cha pili, siku mwalimu wa michezo alipofika shuleni kwetu na mfuko wa vibao vya plastiki na mipira ya tenisi, na tangu siku hiyo sijapata mchezo mwingine ulionikaa moyoni namna hii. Ninarusha mpira wa kasi kwa mkono wa kulia, na ninapiga nikiingia wa tano au wa sita. Kwa lugha ya uwanjani mimi ni oluraunda, yaani mchezaji wa kurusha na kupiga, na ndoto yangu ni kuichezea timu ya taifa na baadaye kuishi kwa mchezo huu kama wanavyoishi wenzetu wa Australia na India.

Mwaka jana nilipumzika kwa wiki sita kwa sababu ya mitihani. Niliporudi klabuni nilikuta mashindano yamekaribia, kwa hiyo kocha alinipangia kurusha ova kumi, kila ova mipira sita, kwenye neti za mazoezi kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili nikawa ninacheza mechi ambazo nilirusha ova zangu nne zote. Baada ya wiki ya tatu nilianza kuumwa mgongo kwa chini, upande wa kushoto. Nikipumzika siku mbili maumivu yanapungua, lakini nikirusha tena, hasa ninapojikunja nyuma kabla ya kuuachia mpira, yanarudi makali zaidi. Nimekuwa nikimeza dawa za maumivu kabla ya mechi. Nilipiga eksirei katika kituo kimoja cha afya nikaambiwa mfupa hauna tatizo, ni misuli tu.

Kocha wangu wa klabu anasema niache kurusha kabisa nibaki mpigaji. Kocha mwingine, ambaye husaidia kuchuja wachezaji, ananiambia kwamba wapigaji wapo wengi, kwamba jina langu linatajwa kwa sababu ya kurusha, na kwamba nikiacha nitasahauliwa. Rafiki yangu ananishauri nibadilike niwe mrushaji wa spini, yaani mpira wa polepole unaozungushwa. Nyumbani nako mama anauliza kila jioni ni lini nitaacha "mpira wa Wahindi usio na mshahara", na kaka yangu amenitafutia kazi ya kuuza duka Kariakoo, kazi ambayo ingenilazimu kuacha chuo pamoja na mazoezi.

Zaidi ya hayo, amejitokeza mtu aliyenitumia ujumbe kwa simu akisema ni wakala wa wachezaji, na kwamba anaweza kunipatia majaribio katika ligi ya wanawake huko Ghuba. Anataka shilingi 1,200,000 za usajili na viza. Nimekwisha kuweka akiba ya shilingi 700,000. Shangazi, nifanye nini?

Wako,
Oluraunda aliyechanganyikiwa

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mgongo, ingawa wewe umeusimulia kama jambo mojawapo kati ya mengi. Hili ndilo linalopaswa kuamuliwa kwanza, na si kocha wala rafiki yako mwenye uwezo wa kuliamua. Maumivu ya mgongo wa chini, kwa mrushaji wa kasi ambaye hajafika miaka ya kati ya ishirini, upande ulio kinyume na mkono wake wa kurushia, yanayozidi anapojikunja nyuma na kupungua anapopumzika, yanafanana mno na ufa mdogo wa mfupa wa uti wa mgongo unaotokana na mfupa kuchoshwa mara kwa mara kuliko unavyoweza kujijenga upya. Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho, kwa kuwa mimi si daktari na sijakuona. Ninasema kwamba mtu mwenye dalili hizo hapaswi kuruhusiwa kurusha hata mpira mmoja mpaka jambo hilo lithibitishwe au liondolewe, na kwamba eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni ufa wa namna hiyo, hasa katika siku zake za mwanzo. Picha inayouonyesha vizuri ni ya MRI. Nenda Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, yaani MOI, ukiwa na maelezo uliyoniandikia mimi, na umweleze daktari kwa maneno yasiyo na utata kwamba wewe ni mrushaji wa kasi wa kriketi, kwamba upande unaouma ni wa kushoto na mkono wa kurushia ni wa kulia. Daktari asiyeujua mchezo huu anaweza kudhani kwamba unarusha mpira kama wanavyorusha watoto wa rede, na ukimwacha na dhana hiyo atakupa tena dawa ya misuli.

Dawa za maumivu kabla ya mechi uziache leo. Maumivu ndiyo taarifa pekee uliyo nayo kuhusu mfupa huo, na wewe umekuwa ukiinyamazisha kila mwisho wa wiki.

Sasa tupige hesabu, maana wewe ni mwanafunzi wa uhasibu na hesabu haitakutisha. Ova moja ni mipira sita. Ova kumi kwa siku, kwa siku tano, ni mipira 300. Mechi mbili za ova nne nne ni mipira 48. Jumla ni mipira 348 kwa wiki, na katika hiyo yote ni 48 tu iliyoingia katika kitabu cha mechi. Mingine 300 ilirushwa kwenye neti, mahali ambapo hakuna anayehesabu na hakuna anayepiga makofi. Tena uliifikia hesabu hiyo ukitoka katika wiki sita za kukaa darasani bila kurusha chochote. Kila mguu wa mbele unapotua, mwili hupokea mara kadhaa ya uzito wake huku mgongo ukijikunja na kujizungusha kwa wakati mmoja, na mfupa huzoea mzigo huo taratibu sana kuliko misuli au pumzi. Ndiyo maana ulijisikia mwenye nguvu katika wiki ya kwanza na ya pili, kisha ukavunjika moyo katika ya tatu. Kocha wako hakukusudia ubaya, lakini alikupangia mzigo wa mchezaji aliyekwisha kujengwa kwa miezi mingi.

Kuna swali ambalo kocha wa kiume huenda akaona haya kukuuliza, nami nitakuuliza kwa niaba yake. Je, hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Binti anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo, iwe kwa kukosa pesa, kwa kubana muda au kwa kutaka kupungua mwili, anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa, na wengi hufurahia kwa kuona ni usumbufu uliopungua. Ukweli ni kwamba hiyo ni dalili ya mwili uliokosa chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya, na katika hali hiyo mifupa hudhoofika. Kama ndivyo ilivyo kwako, mwambie daktari bila kuficha. Pia angalia sahani yako, kwa maana chai na chapati moja asubuhi, kisha chipsi saa kumi jioni, si chakula cha mrushaji wa kasi. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, maziwa, maharage na mayai vinapatikana katika kila mtaa wa mji huu, na kwa mifupa yako vina manufaa kuliko unga wa makopo unaouzwa kwenye majumba ya mazoezi.

Ikithibitika kwamba kuna ufa, utaambiwa usirushe kwa miezi kadhaa. Utalia, na si vibaya kulia, lakini nataka ulie ukiwa unajua kwamba jambo hilo limewapata warushaji wengi waliorudi uwanjani wakafanya makubwa kuliko kabla.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mabishano ya makocha wako wawili. Wote wawili wanakutaka uchague, mmoja akikuvuta kwenye kibao na mwingine kwenye mpira, na wote wanazungumza kana kwamba uamuzi utakaoufanya ukiwa na miaka 21 utabaki hivyo hadi utakapostaafu. Mimi ninaona kwamba oluraunda huishi na kazi mbili zinazopokezana ukubwa kadiri miaka inavyokwenda na mwili unavyobadilika, na sijui mfano unaoonyesha jambo hilo vizuri kuliko wa Ellyse Perry wa Australia, ambaye bila shaka unamjua kwa picha lakini sidhani kama umewahi kuifuatilia safari yake mwaka kwa mwaka.

Perry aliingia katika timu ya taifa ya kriketi mwezi Julai 2007 akiwa na miaka 16, na wiki chache tu baadaye akaichezea Australia soka pia. Alipokuwa mdogo alikuwa mrushaji kwanza. Kupiga ilikuwa kazi ya ziada, na aliingia katika nafasi za chini. Katika fainali ya mwaka 2010 ya Kombe la Dunia la T20, yaani mchezo wa ova 20 kwa kila timu, huko Barbados ndiye aliyekabidhiwa ova ya mwisho dhidi ya New Zealand, na mpira wa mwisho kabisa, uliopigwa kwa nguvu moja kwa moja kumrudia, aliuzuia kwa kunyoosha mguu wake, mguu ule ule aliokuwa akiutumia kupiga mpira wa miguu. Australia ikashinda kwa mikimbio mitatu (mikimbio ndiyo pointi za mchezo huu). Mwaka uliofuata alifunga bao dhidi ya Sweden katika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka nchini Ujerumani. Fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ya mwaka 2013 mjini Mumbai aliicheza akiwa na kifundo cha mguu kibovu, akarusha akichechemea na kuchukua wiketi tatu, yaani kuwatoa wapigaji watatu. Watu husimulia tukio hilo kwa kulisifu. Mimi silipendi kulitumia kama mfano wa kuigwa na mabinti, kwa sababu kila anayechechemea hudhani kwamba yeye naye ni Perry.

Baadaye uzito ulihamia kwenye kibao. Mwezi Novemba 2017, katika mechi ya Test, ile ndefu ya siku kadhaa, dhidi ya Uingereza mjini Sydney, alipiga mikimbio 213 bila kutolewa. Hata hivyo hakuuacha mpira, kwani Julai 2019 huko Canterbury alichukua wiketi saba kwa mikimbio 22, yaani akiruhusu mikimbio 22 tu, dhidi ya Uingereza hiyo hiyo, na mwaka huo akawa mtu wa kwanza, wanaume na wanawake wote wakihesabiwa, kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika mechi za kimataifa za T20. Halafu mwili ukadai chake. Machi 2020 alichanika msuli wa nyuma ya paja akaikosa fainali ya Kombe la Dunia la T20 iliyochezwa nchini kwao, mjini Melbourne, mbele ya watazamaji 86,174. Mwaka 2022 ulikuja mgongo, mwanangu, mgongo kama wako: fainali ya Kombe la Dunia mjini Christchurch aliicheza kama mpigaji tu bila kurusha. Mwaka huo huo aliwekwa nje ya kikosi cha kwanza cha T20, watu wakisema upigaji wake ni wa polepole mno kwa mchezo wa sasa. Alichofanya ni kwenda kuujenga upya upigaji wake, akarudi mwishoni mwa mwaka katika ziara ya India akiwa anapiga kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo alipokuwa kijana. Mwezi Machi 2024, akiwa na miaka 33, aliongoza kwa mikimbio katika ligi ya wanawake ya India, alichukua wiketi sita kwa mikimbio 15 katika mechi moja dhidi ya Mumbai Indians, na timu yake ya Bangalore ikatwaa ubingwa.

Hebu fikiria kama mtu angemlazimisha Perry kuchagua mwaka 2010. Angechagua kurusha, kwa sababu ndiko alikokuwa hodari, na mgongo ulipomkatalia mwaka 2022 asingekuwa na kitu mkononi.

Kwa hiyo, ukiwa huruhusiwi kurusha, kocha wako wa klabu atakuwa amepata alichokitaka kwa msimu mmoja, nawe utumie msimu huo kwa ukamilifu. Daktari na mtaalamu wa viungo ndio watakaokuambia ni lini unaruhusiwa kushika kibao, kwa maana hata kupiga kuna kujizungusha. Ukisharuhusiwa, usipige kama mrushaji anayesubiri kupona. Omba kuingia wa nne. Jifunze mikwaju miwili au mitatu ambayo sasa huna, hasa dhidi ya spini, kwa kuwa wapigaji wengi wa ukanda wetu hutolewa na warushaji wa polepole. Wakati huo huo mtafute mtu akuchukue video ya simu ya mwendo wako wa kurusha, ile ya zamani kama ipo, kisha mtazame kama nyonga na mabega yako yanaelekea upande mmoja wakati mguu wa nyuma unapotua. Mrushaji ambaye nyonga zimetazama upande mmoja na mabega upande mwingine huusokota mgongo kila mpira, na kosa hilo hurekebishwa vizuri zaidi wakati mtu harushi kwa ushindani.

Utakaporuhusiwa kurusha, nunua daftari. Andika kila mpira, wa neti na wa mechi, na uongeze hesabu kidogo kidogo wiki hadi wiki. Siku kocha atakapokuambia uongeze ova tano kwa sababu mashindano yamekaribia, mwonyeshe daftari kwa adabu na umwambie kwamba daktari ameweka kikomo. Kocha mwenye busara ataheshimu namba kuliko malalamiko.

Huyo kocha mwingine, yule anayesema wapigaji ni wengi, ana hoja ambayo sitaki uidharau. Katika T20 timu ina ova 20 za kurusha na hakuna anayeruhusiwa kuzidisha nne, maana yake nahodha anahitaji warushaji watano kwa uchache. Mchezaji mmoja anayeweza kurusha ova nne na pia kupiga akiingia wa tano humpa nahodha nafasi ya kumwingiza mpigaji wa ziada. Ndiyo sababu katika mnada wa kwanza wa ligi ya wanawake ya India, tarehe 13 Februari 2023, baada ya Smriti Mandhana aliyenunuliwa kwa rupia milioni 34, wachezaji wawili waliofuata kwa bei, Ashleigh Gardner wa Australia na Nat Sciver-Brunt wa Uingereza, kila mmoja kwa rupia milioni 32, walikuwa maoluraunda. Deepti Sharma, oluraunda wa India, alinunuliwa kwa milioni 26, na tarehe 2 Novemba 2025 alipiga mikimbio 58 na kuchukua wiketi tano katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Afrika Kusini. Ligi hiyo ina kanuni nyingine inayokuhusu wewe zaidi ya hizo bei: timu inaruhusiwa kuchezesha wageni wanne uwanjani, lakini inaweza kuchezesha wa tano iwapo mmoja wao anatoka katika nchi mwanachama mshiriki (si mwanachama kamili) wa Baraza la Kriketi la Kimataifa, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mskoti Kathryn Bryce, oluraunda kama wewe, aliichezea Gujarat Giants mwaka 2024. Sikuahidi kwamba utafika huko. Ninachokuambia ni kwamba mlango wa mchezaji wa nchi ndogo ni mwembamba, na anayekuja na kazi mbili hupenya kwa urahisi kuliko anayekuja na moja, kwa hiyo usiitupe moja kwa sababu ya msimu mmoja wa maumivu.

Kuhusu spini, rafiki yako ana nia njema, na ni kweli kwamba spini haiusumbui mgongo kwa kiwango kile. Hata hivyo spini ni ufundi wa miaka mingi, wala usiikimbilie kwa woga. Jaribu kwa kujifurahisha ukipenda, daktari akisharuhusu. Marizanne Kapp wa Afrika Kusini alikuwa bado anarusha kwa kasi akiwa na miaka 35 alipochukua wiketi tano kwa mikimbio 20 dhidi ya Uingereza katika nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Guwahati, Oktoba 2025.

Sasa mama. Katika neno "Wahindi" mama amekosea, na katika neno "mshahara" amesema kweli. Ni kweli kwamba mchezo huu Dar es Salaam ulikaa kwa miaka mingi katika viwanja vya Gymkhana na vya jumuiya za Kiasia, na watu wa rika la mama yako waliuona kwa mbali kupitia uzio. Lakini wanaobeba jina la nchi leo katika timu ya wanawake ni mabinti waliotoka katika shule za kawaida kama yako. Fatuma Kibasu, aliyewahi kuwa nahodha, amepiga senchuri, yaani mikimbio 100 au zaidi, katika mechi za kimataifa za T20, na mwaka 2022 mabinti hao walitwaa kombe la Kwibuka mjini Kigali, mashindano yanayochezwa tangu 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994. Mpeleke mama uwanjani siku moja, akae kivulini, asikie watu wakikuita jina. Mimi mama yangu alikuja mara moja tu katika maisha yangu ya michezo, akalalamikia jua tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena ninaenda wapi na mfuko ule.

Juu ya mshahara usimbishie. Nchi zilizoanza kuwalipa wanawake kwa mikataba ya kudumu zilianza juzi tu: Uingereza ilitoa mikataba ya kwanza kwa wachezaji wake mwaka 2014, India ilitangaza malipo ya mechi yaliyo sawa na ya wanaume mwezi Oktoba 2022, na Afrika Kusini ilifuata mwaka 2023. Kwetu, mchezaji wa kike wa kriketi anayeweza kulipa kodi ya nyumba kwa mchezo peke yake ni ndoto ya baadaye, na asiyekuambia hivyo anakudanganya. Kwa sababu hiyo stashahada yako usiiache, wala kwa duka la Kariakoo wala kwa mchezo. Umebakiwa na muda mfupi kuliko ulioutumia, na miezi ambayo hutarusha inaangukia vizuri katika kipindi cha masomo. Mwambie kaka yako, kwa heshima anayostahili, kwamba unashukuru kwa kukutafutia kazi na kwamba utafanya kazi za likizo dukani, lakini chuo utamaliza kwanza. Kombe la Dunia la T20 la wanawake limepangwa kuwa na timu 16 mwaka 2030. Wakati huo utakuwa na miaka 25 hivi, ambao ni umri mzuri wa oluraunda, na utakuwa na cheti mkononi.

Usidhani pia kwamba mechi zako za hapa hazionekani. Tangu tarehe 1 Julai 2018 kila mechi ya T20 kati ya timu za taifa za wanawake wa nchi wanachama huhesabiwa kuwa ya kimataifa, ikaingia katika kumbukumbu na viwango. Henriette Ishimwe wa Rwanda alijulikana hivyo hivyo: alishiriki mashindano ya FairBreak mjini Dubai mwaka 2022 pamoja na wachezaji wakubwa wa dunia, na Januari 2023, katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini, alichukua wiketi nne kwa mipira minne mfululizo dhidi ya Zimbabwe. Naye ni mrushaji anayepiga, kutoka nchi jirani isiyo na ligi ya kulipwa, na aliitwa huko kwa sababu ya alichofanya uwanjani.

Hilo linanifikisha kwa huyo anayejiita wakala. Timu inayomtaka mchezaji humlipa mchezaji, na wakala wa kweli hujipatia sehemu yake kutoka katika mkataba ukishatiwa saini. Zipo klabu za ridhaa nje ya nchi zinazomtaka mchezaji ajilipie tiketi, lakini hata hizo huandika barua yenye jina la klabu, ambayo chama chako kinaweza kuihakiki. Kucheza katika ligi ya nje iliyoidhinishwa kunahitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa chama cha nchi yako, na ukicheza katika mashindano yasiyoidhinishwa unaweza kufungiwa. Mwombe mtu huyo jina la ligi, jina la klabu na barua ya mwaliko, na umwambie kwamba utaipeleka kwenye Chama cha Kriketi Tanzania kabla ya kutoa chochote. Ninavyowajua watu wa aina hiyo, hutapata jibu la pili. Akikusisitiza utume hata nusu ya pesa leo kwa sababu nafasi zinakwisha, zuia namba yake.

Zile shilingi 700,000 zilizopo, mwanangu, anza kuzitumia kwa picha ya MRI. Kama una bima ya chuo, uliza kwanza dirishani inagharamia nini, halafu ndipo ufungue mkoba. Nenda wiki hii, kabla ya mechi ya Jumamosi, na hiyo mechi umwambie kocha kwamba hutakuwepo.

Shangazi yako.